Mbuzi wa Bonanza

Banda la gemu la Leonidasi lilikuwa wazi, mashine zote zimewashwa, na hapakuwa na mchezaji hata mmoja. Shule zimefungwa, ni mchana wa Jumanne, na Kibondo nzima haina mahali pengine pa kijana kwenda kupiga kelele. Banda tupu wakati kama huo lilitosha kumwonyesha mgeni kwamba mwenye nalo ana matatizo.

Ghati alisimama mlangoni mpaka macho yakazoea kiza cha ndani. Alikuwa mwanamke wa Tarime, mrefu, asiye na haraka, aliyefanya kazi ya upelelezi polisi hadi alipochoka kuhamishwa kila baada ya muda mfupi. Sasa alifanya kazi ya uchunguzi kwa Wakili Ernesta wa Kasulu, aliyemtetea Leonidasi. Watu waliendelea kumwita afande na yeye hakuwakataza, maana jina hilo lilimsogezea viti.

"Mwakeye, afande," Leonidasi alimsalimu kwa lugha ya kwao, akamsogezea kiti.

"Salama. Kaa na wewe. Nimekuja na habari mbaya."

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Kiwanja lilikuwa duka la gemu la mtandaoni, lenye ofisi Dar es Salaam na lisilo na kaunta popote. Mteja alichagua gemu kwenye skrini, akalipa kwa simu, gemu ikashuka kwenye mashine yake. Tangazo lao lilisema ukinunua ni yako maisha. Wenye mabanda wa Kibondo na Kasulu waliamini, wakanunua ile gemu ya mpira ambayo vijana hawataki kusikia nyingine. Wiki iliyofuata Idi wakaamka wakakuta imeyeyuka kwenye mashine zao zote. Kiwanja walikuwa wamepoteza haki ya kuiuza, lakini hilo hawakulisema. Wenye mabanda wakaenda mahakamani kudai haki zao za walaji, na mahakama ikakubali kusikiliza kwanza shauri la Leonidasi, mengine yafuate lilikoelekea. Leonidasi akianguka, wote wanaanguka naye.

Na sasa Kiwanja walikuwa wamejibu kwa kiapo.

"Wanasema akaunti uliifunga mwenyewe," Ghati alisema.

"Mimi?"

"Walikutumia namba ya siri kwenye simu, ukaithibitisha, gemu ikaondolewa kwa ridhaa yako. Ndivyo walivyoapa. Keshokutwa wakili wao, Brighton, ataomba shauri lako litupwe."

"Uongo huo! Mungu mmoja, afande. Nifute gemu inayonilisha, mimi nina kichaa?"

"Hata mimi nimejiuliza. Lete simu yako."

Leonidasi aliitoa mfukoni polepole, kwa mkono mzito. Ghati alibonyeza, akasoma, akamrudishia.

"Laini iliyo kwenye kiapo chao inaishia na sitini na tatu. Hii inaishia na kumi na nane."

"Ile ilipotea."

"Ilipotea au iliibwa?"

"Iliibwa."

"Wapi?"

"Sokoni. Hapana, kwenye basi. Nilikuwa nakwenda Munanila kwa wazee."

Ghati alikuwa amekutana na wezi wengi katika maisha yake, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeiba simu moja sehemu mbili. Alimkazia macho. Kijasho chembamba kilimtoka Leonidasi juu ya mdomo, ingawa Kibondo kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

"Mwenye laini akiibiwa anarudishiwa namba yake dukani. Anaweka kidole, anaondoka nayo. Hukwenda?"

"Sikupata nafasi."

"Namba ya biashara, hukupata nafasi?"

Leonidasi aliziangalia pedi zilizoning'inia ukutani kana kwamba mojawapo ingemjibia. "Afande, mwulize Isack," alisema ghafla. "Yule wa banda la kule stendi. Tangu nilete ile gemu wateja wake wote walihamia huku. Ananionea kijicho. Kama kuna mtu ameichezea simu yangu, ni yeye."

Ghati alinyanyuka, akatazama picha iliyotundikwa juu ya mlango, ndani ya fremu. Vijana walikuwa wamebanana mbele ya ukuta wa banda, kwa nje, wamemnyanyua mbuzi mweupe aliyeonekana kutofurahia heshima hiyo.

"Huyu mbuzi amefanya nini?"

"Zawadi ya bonanza," Leonidasi alisema, na kwa mara ya kwanza uso ukamkunjuka. "Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani. Watu walitoka mpaka Kitanga. Isack ndiye alimchukua. Alinifunga mimi fainali, kwenye banda langu mwenyewe."

"Mlicheza gemu ipi?"

"Si hiyohiyo waliyoifuta? Ilikuwa ingali nzima wakati ule."

Ghati aliipiga picha ile picha kwa simu yake, akaaga. Nje alisimama kidogo. Ukuta ulikuwa wa buluu, umepigwa jua na vumbi jekundu hadi umechuja, na maandishi makubwa ya LEO GEMU. Chini ya maandishi kulikuwa na kipande cha mstatili cha rangi nyeupe, kipya kuliko ukuta, na juu yake namba ya simu inayoishia na kumi na nane.

Alimkuta Isack amechuchumaa nyuma ya televisheni, anakaza nyaya. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye meno ya kutosha watu wawili, na alipoambiwa ametajwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi niifute gemu ya Leo? Afande, mimi hata hiyo Kiwanja siijui inaingiwaje. Ona." Alivuta droo iliyojaa diski, zimekwaruzwa, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino. "Mimi nanunua kitu nakishika. Aje mtu wa Dar anifutie hii. Aje tu, nitamnywesha chai."

"Vijana walikuhama."

"Walinihama, kweli. Niliumia, siwezi kukudanganya. Lakini sasa wamerudi na gemu ya zamani, nao hawana furaha, wanaililia ile ya Leo. Mimi pia nilikuwa naicheza kwake. Nilishinda mbuzi!"

"Nimemwona. Baada ya fainali ulimchukua palepale?"

"Nimchukue nimpeleke wapi, jioni ile? Nilimwachia Leo, nikasema kesho nitampigia tupange. Kesho napiga, naambiwa namba haitumiki. Nikajua ameshanila mbuzi." Alicheka tena. "Nikatembea mpaka kwake na hasira zangu. Kumbe alishabadilisha, namba mpya ipo ukutani tangu juzi yake, mimi sijaisoma. Mbuzi nilimkuta anakula maganda ya ndizi."

Ghati aliacha kuandika. "Rudia hapo pa namba."

"Namba ya zamani ilikuwa haitumiki. Siku moja baada ya bonanza."

"Haipatikani, au haitumiki?"

"Haitumiki. Yule mama wa kwenye simu akisema haipatikani unajua mtu yuko porini. Akisema haitumiki, hiyo laini imezikwa."

"Laini ile Leonidasi aliisajili wapi?"

Isack aliyakusanya meno yake. Alirudi kwenye nyaya, akazikaza zilizokwisha kukazwa.

"Afande, hapa vijana wengi laini wanachukua kwa Mama Saady. Hayo mengine mwulize mwenyewe. Mimi bado nakaa mji huu."

Kwa hiyo Isack hakuwa na hatia, na alikuwa na woga. Ghati aliviandika vyote viwili na kuelekea sokoni.

Tunu, ambaye mji mzima ulimwita Mama Saady, alizaliwa Ujiji na kuletwa Kibondo na ndoa. Ndoa ilikwisha, duka likabaki. Aliuza vitenge na kandambili, na kwenye kona ya mbele aliweka meza ya wakala: miamala ya simu, na usajili wa laini kwa kitambulisho cha taifa na alama ya kidole. Kimashine cha kuwekea kidole kilikuwa pale juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa kama birika la wageni.

"Shikamoo, Mama Saady."

"Marahaba, mwanangu. Kuweka au kutoa?"

"Kuuliza."

"Kuuliza hakuna makato. Uliza."

"Laini inayoishia na sitini na tatu, aliyokuwa akitumia Leonidasi wa gemu."

"Nasajili laini nyingi. Nitazijuaje zote?"

"Hii utaijua. Imesajiliwa kwa kidole chako."

Hapo Ghati alikuwa anabahatisha. Alichokuwa nacho ni kijana asiyethubutu kwenda kurudisha laini yake na jirani aliyegoma kumalizia sentensi. Lakini Tunu hakumtazama usoni. Kidole gumba chake cha kulia kilijikunja taratibu, kikaingia ndani ya kitenge.

"Nani kakwambia?"

"Wewe, sasa hivi."

Mteja mmoja alikaribia meza. Tunu akamwambia mtandao umekata, arudi baadaye. Mtandao ulikuwa haujakata. Alivuta kigoda, akaketi, na sauti yake ikashuka.

"Walikuwa wanakuja hapa wamenyong'onyea. Wa Munanila, wa Kitanga, wa huko mpakani wote. Vitambulisho vyao havijatoka. Mtu anaulizwa babu yako kazaliwa wapi, bibi yako katoka ukoo gani, kalete wazee wa kijiji, rudi tena. Na huku ana mke, ana biashara, hana laini. Mimi nikawa nawawekea kidole changu."

"Wangapi?"

"Usinihesabishe, mwanangu."

"Kisha?"

"Kisha kampuni ya simu ikatuma ujumbe kwamba kila mtu ahakiki laini zilizo kwenye kitambulisho chake, na asizozitambua azikane. Siku zilezile nikasikia kuna wakala kakamatwa huko, laini ya jina lake imetumika kutapeli watu. Wallahi, nilitetemeka. Nilikaa kwenye kigoda hikihiki nikazipitia. Inakuja namba, naulizwa unaitambua? Nabonyeza hapana. Inakuja nyingine, hapana. Zote nilizikana."

"Na ya Leonidasi?"

"Nayo."

"Lini?"

"Ramadhani ilikuwa bado haijaingia. Nakumbuka kwa sababu alikuja hapa anafoka, ana bonanza, namba iko ukutani, watu wa mbali watampigiaje. Nikamwambia mlete mkeo. Pelagia kitambulisho chake kilishatoka. Nikamsajili Pelagia kwa kidole cha Pelagia, laini mpya, halali kabisa. Leo akaenda akapaka ukuta."

Ghati alitoa simu, akaikuza ile picha ya vijana na mbuzi. Nyuma ya pembe za mbuzi, kwenye ukuta wa buluu, mstatili mweupe ulionekana wazi, na namba iliyoishia na kumi na nane. Alijisikia vizuri, jambo ambalo kazini halikumtokea mara nyingi.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Kabla ya bonanza, laini ya sitini na tatu ilikuwa imekwisha kukanwa na kuzimwa. Siku ya bonanza gemu ilikuwa nzima, mashine zinaicheza, maana mashine ikishafunguliwa haihitaji laini tena. Gemu ilifutwa baada ya Idi. Na Kiwanja walikuwa wameapa mbele ya mahakama kwamba siku hiyo laini ile ilipokea namba ya siri na kuithibitisha.

"Mama Saady, hawa watu wameapa kwamba maiti alipokea simu na kuijibu."

Tunu alielewa upesi, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kurudi nyuma na kigoda chake.

"Basi umeshawakamata. Nenda na picha yako."

"Picha haitoshi. Wakili wao atasema mtu anaweza kuwa na laini mbili. Anahitajika mwenye laini, aseme niliizima siku fulani, ndipo mahakama iiamuru kampuni ya simu ilete kumbukumbu zake. Mwenye laini ni wewe."

"Nisimame mahakamani niseme nilikuwa nawasajilia watu kwa kidole changu? Nitatoka pale na pingu."

"Inawezekana," Ghati alisema. Hakuwa mtu wa kupaka asali. "Uwakala wanaweza kukunyang'anya. Pingu, wakili atakupigania."

"Uwakala huu ndio uliomsomesha Saady. Leonidasi aseme mwenyewe."

"Leonidasi amesema laini iliibwa. Kwanza sokoni, halafu kwenye basi. Hata kudanganya hajui."

Tunu alisogeza kigoda mbele. "Hajanitaja?"

"Hajakutaja."

"Hata kwa wakili wake?"

"Hata kwa wakili wake. Yuko tayari kupoteza kesi."

Tunu alikiangalia kimashine chini ya kitambaa chake. Uso wake ulionyesha aibu, aibu tupu, wala hakujaribu kuificha. Lakini hakusema ndiyo. Ghati alimwachia kadi yenye anwani ya ofisi ya Kasulu na kuondoka na basi la jioni.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa haujanyanyuka Kasulu. Ofisi ya Wakili Ernesta ilikuwa juu ya duka la pembejeo, na ilinuka dawa ya kuhifadhi mahindi. Ernesta mwenyewe, mama mnene mwenye miwani na ulimi mkali, alikuwa anazunguka meza yake. Leonidasi aliketi katikati ya chumba ndani ya koti la kuazima.

"Nimeandika namba ile kwenye madai yako," Ernesta alisema. "Umenitazama nikiiandika. Ukajua imekufa, ukanyamaza! Kitu kimoja tu kingekuokoa, na ndicho ulichokificha."

"Samahani, mama wakili."

"Samahani haisomeki mahakamani. Kwa nini?"

Leonidasi alizungumza huku anaangalia sakafu. "Yule mama alinipa kidole chake wakati hakuna aliyetaka kunijua. Nimlipe pingu? Na mimi nikisema sina kitambulisho, yule wakili wa Dar ataniuliza babu yangu kazaliwa upande gani wa mpaka. Mbele ya watu wote. Nimeulizwa hilo swali tangu nina akili, mama. Nimelichoka."

"Na leo usipolijibu?"

"Ondoa jina langu. Wenzangu waendelee."

"Wenzako wamefungwa kwako. Ukitoka, Brighton ataomba wote watoke."

Leonidasi alifumba macho. Banda lake alikuwa ameshalihesabu kuwa limekufa. Sasa alikuwa anahesabu ya wenzake. Ghati aliangalia dirishani. Alikuwa amemsikia mtu akipanda ngazi, mtu mzito, anayepumzika katikati.

Mlango uligongwa, ukafunguliwa kabla ya kujibiwa. Tunu alikuwa amevaa baibui jeusi la safari na viatu vilivyolowa umande. Alisalimia, akasema ametoka Kibondo na gari la kwanza, na duka amelifunga. Tangu soko lile lijengwe, hakuna aliyewahi kuliona duka la Mama Saady limefungwa siku ya kazi.

Leonidasi aliinuka. "Mama, rudi nyumbani."

"Nipishe, wewe," Tunu alisema, akakaa kwenye kiti ambacho Leonidasi alikuwa amekiacha.

Ernesta alimweleza yanayoweza kumpata, yote, bila kupunguza. Tunu alisikiliza kwa adabu, kama anayesubiri mgeni amalize kusema ili chakula kiletwe. Kisha Ernesta akaketi, akavuta karatasi, na kumwashiria Ghati aanze.

Ghati alisogeza kiti. Maelezo ya shahidi huanza na maswali madogo, na aliyaanza hivyo: jina, makazi, kazi. Tunu alijibu kwa sauti ya kawaida.

"Laini ya simu inayoishia na sitini na tatu," Ghati alisema. "Unaitambua?"

Lilikuwa ni swali lilelile la kampuni ya simu, neno kwa neno, na Tunu alilijua. Aligeuka akamtazama Leonidasi, aliyekuwa amesimama ukutani ndani ya koti la watu.

"Naitambua," alisema. "Ni yangu."